Uzi Unaojishona Wenyewe

Ndugu msomaji, utazame mkeka uliotandikwa nyumbani mwako. Aliyeutengeneza alianza na ukindu. Akauchana, akautia rangi, kisha akasuka ukili mrefu kwa siku nyingi. Ukili ulipotosha aliukunja huku na huko, akaushona ubavu kwa ubavu, hata likapatikana tandiko la kulalia watu wawili. Kazi yote hiyo ilifanywa na mikono iliyoongozwa na macho na akili. Hajapata kuonekana ukili uliojikunja wenyewe, ukautafuta ubavu wake, ukajishona, na kulipokucha mkeka ukawa tayari.

Lakini jambo la namna hiyo hutendeka leo katika maabara za Marekani, Denmark, Ujerumani, China na kwingineko. Mafundi wa huko hawatumii ukindu. Hutumia uzi wa aina ile ile iliyomo ndani ya mwili wako na wangu, uitwao DNA, pamoja na ndugu yake aitwaye RNA. Huzitia nyuzi hizo katika maji yenye chumvi, huzipasha moto, kisha huziacha zipoe. Zinapopoa hujipanga zenyewe na kuwa vijisanduku, vibomba, nyota na pembetatu, vyote vidogo mno hata jicho haliwezi kuviona.

Katika makala haya tutaeleza kazi hiyo ilianzaje na hufanywaje. Kisha tutaligeukia swali lililo zito kwa kila mwenye mgonjwa nyumbani: je, ufundi huu utamfaa mtu anayeumwa, na umebakiza hatua gani kumfikia?

KIPIMO CHAKE

Kwanza tuelewane juu ya udogo wenyewe. Chukua mita moja, uigawe vipande 1,000; kila kipande ni milimita moja. Sasa chukua hiyo milimita moja, uigawe vipande 1,000,000. Kila kipande huitwa nanomita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi. Kirusi cha mafua kina upana upatao nanomita 100. Uzi wa DNA, ukiwa umekamilika kwa jozi yake, una unene wa nanomita 2 tu.

Umbo la uzi huo lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick huko Cambridge, Uingereza. Walitegemea pia picha za eksirei zilizopatikana katika kazi ya Rosalind Franklin wa King's College, London. Uzi huo ni mfano wa ngazi ya kamba iliyosokotwa: kamba mbili zinazokwenda sambamba, na kati yake vipandio. Kila kipandio kimefanywa kwa herufi mbili zilizoshikana. Herufi zenyewe ni nne tu, nazo wataalamu huziita A, T, G na C. Herufi A hushikana na T, na G hushikana na C. Huo ndio mpango wao, wala hauna siri nyingine.

Lifikiri jambo hili, msomaji. Ukiwa na uzi mfupi wenye herufi zilizofuatana kwa mpango fulani, uzi huo utashikana sawasawa na mwenzake mwenye herufi zinazolingana nao. Uwaweke wawili hao katika maji yaliyojaa nyuzi nyingine za kila namna, bado watapapasana, wataachana na wasio wao, na mwisho watakutana. Ni kama shati ambalo kila kifungo chake kina tundu lake peke yake, na hakiwezi kuingia katika tundu jingine.

Ndani ya miili yetu uzi huu una kazi ya kutunza maagizo ya uhai. Kwayo mtoto hufanana na mama yake na mbegu ya muhogo haizai mgomba. Kwa muda mrefu wataalamu waliuona kuwa ni kitabu tu, kitu cha kusomwa. Aliyeanza kuuona kuwa ni ubao na msumari, yaani kifaa cha kujengea, alikuwa mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine kabisa.

MTU ALIYEKOSA FUWELE

Mtu huyo ni Nadrian Seeman, aliyezaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1945. Kazi yake ilikuwa kuchunguza fuwele. Fuwele ni kitu ambacho molekuli zake zimejipanga kwa safu, kama zilivyojipanga katika punje ya chumvi au ya sukari. Mtaalamu akitaka kulijua umbo la protini fulani, labda kwa ajili ya kutafuta dawa itakayoshikana nayo, huifanya protini hiyo igande kuwa fuwele, kisha huipitishia mionzi ya eksirei. Namna mionzi hiyo inavyotawanyika humwambia umbo lililomo.

Tatizo ni kwamba protini nyingi hukataa kujipanga. Mtaalamu huweza kubadilisha chumvi, joto na maji kwa miezi na miaka, asipate hata fuwele moja ifaayo. Seeman, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu huko Albany, katika jimbo la New York, alikuwa katika dhiki hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970. Na mtaalamu wa fuwele asiyekuwa na fuwele ni sawa na mvuvi aliyekaa pwani bila ya ngalawa.

Katika majira ya vuli ya mwaka 1980 alikwenda katika kilabu cha hapo chuoni, huku akiwaza juu ya vifundo vya DNA vyenye mikono sita. Akiwa hapo alikumbuka picha moja ya Maurits Escher, mchoraji wa Uholanzi, iliyochongwa katika ubao mwaka 1955. Picha hiyo inaonyesha samaki wengi waliojipanga kwa safu, mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, hata wanapotelea mbali machoni. Kila samaki ana kichwa na mkia, pezi la juu na la chini, la kushoto na la kulia. Jumla ni ncha sita. Seeman akaona kwamba samaki wale ni mfano wa vifundo vyake. Kama kila kifundo cha DNA kikishikana na jirani zake kwa mikono yake sita, patapatikana jengo lenye vyumba vingi vilivyo sawa. Na katika kila chumba huweza kukalishwa protini moja. Ile protini iliyokataa kujipanga itakuwa imepangwa bila ya kuulizwa!

Mwaka 1982 alichapisha wazo hilo. Wazo lilikuwa zuri, lakini safari yake ilikuwa ndefu, na kwa miaka mingi waliomfuata walikuwa wachache sana. Mwaka 1991, akiwa amekwisha kuhamia Chuo Kikuu cha New York, yeye na Junghuei Chen walitangaza kwamba wametengeneza mchemraba kwa DNA, ambao kila upande wake ulikuwa na urefu wa nanomita 7 hivi. Mchemraba huo hawakuuona kwa macho. Waliuthibitisha kwa kuukata katika sehemu walizozijua, kisha kuvipima vipande vilivyotoka. Mwaka 1998, pamoja na Erik Winfree na wenzao, walipata utandu mwembamba uliojisuka wenyewe kwa vigae vya DNA. Mwaka 2009 ndipo Seeman na wenzake walipotangaza fuwele kamili za DNA zilizopangwa kwa makusudi, zenye urefu, upana na kimo. Tangu siku ile ya samaki ilikuwa imepita miaka 29.

Mwaka 2010 alipewa, pamoja na Donald Eigler, Tuzo ya Kavli ya Norway. Alifariki dunia tarehe 16 Novemba 2021, akiwa na umri wa miaka 75. Ile kazi ya kuzikalisha protini ngumu katika vyumba vya DNA aliwaachia wengine waiendeleze. Lakini katika kuitafuta alikuwa amewapa walimwengu ufundi mpya, ambao wengine waliupeleka mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa akielekea.

UKILI NA MISHONO YAKE

Hatua iliyoushangaza ulimwengu ilichukuliwa na Paul Rothemund wa Taasisi ya Teknolojia ya California, mwaka 2006. Hapa, ndugu msomaji, ndipo mfano wetu wa mkeka unapotufaa.

Rothemund hakujaribu kuunganisha nyuzi nyingi zilizo sawa. Alichukua uzi mmoja mrefu, na huo ndio ukili wake. Uzi huo aliutoa kwa kirusi kinachoshambulia bakteria, wala hakimdhuru binadamu. Una herufi 7,249, na mpangilio wa herufi zake zote unajulikana. Kisha kwa msaada wa kompyuta alichora umbo alilolitaka, akapanga uzi huo mrefu upite katika umbo lote, ukienda na kurudi kama ukili uliokunjwa. Baada ya hapo aliagiza nyuzi fupi zaidi ya 200 zitengenezwe, nazo ndizo mishono yake. Kila mshono uliandikwa kwa herufi za kushika sehemu mbili au tatu za ule uzi mrefu, sehemu ambazo zilikuwa mbalimbali, na kuzileta pamoja.

Kilichobaki kilikuwa mfano wa upishi. Alivichanganya vyote katika maji yenye chumvi ya magnesiamu, akayapasha moto hadi kufikia digrii 95 za Sentigredi, kisha akayaacha yapoe kwa muda usiotimia saa mbili. Moto huzitenganisha nyuzi zote. Zinapopoa, kila mshono huitafuta mahali pake, hushika, huvuta, na uzi mrefu hujikunja kidogo kidogo hata umbo likatimia. Na halipatikani umbo moja tu; katika tone moja la maji hupatikana mabilioni yake kwa mara moja, na yote hufanana.

Ili kuyaona, Rothemund alitumia hadubini ya aina ya pekee, yenye sindano nyembamba sana ambayo huupapasa uso wa kitu, kama kipofu anavyoyapapasa maandishi ya nukta kwa ncha ya kidole. Kilichoonekana kilikuwa ni nyota, mraba, pembetatu, na uso wa mtu anayetabasamu wenye upana wa nanomita 100 hivi. Ungeweza kuzipanga nyuso 800 za namna hiyo katika upana wa unywele mmoja.

Labda utauliza: uso unaotabasamu una faida gani kwa mtu mwenye njaa au mwenye homa? Swali lako ni la haki. Uso ule haukuwa na faida yoyote ila moja: ulithibitisha kwamba mtu anaweza kuchora umbo lolote alitakalo, na uzi ukamtii. Siku fundi seremala alipopata kwa mara ya kwanza randa inayokata vizuri, pengine alianza kwa kulainisha kipande cha ubao kisicho na kazi.

KISANDUKU CHENYE KUFULI

Wenye kuwaza juu ya wagonjwa hawakukawia. Wewe na mimi tunajua taabu ya dawa nyingi kali. Mgonjwa wa saratani hupewa dawa ya kuua chembe zilizoasi, lakini dawa hiyo inapoingia katika damu hutembea mwili mzima. Huzipiga chembe mbaya na baadhi ya zile njema pia. Nywele hunyonyoka, chakula hakikai tumboni, nguvu zinakwisha. Wapo waliouguza ndugu zao, wakaona ugonjwa na dawa vikishindana kumdhoofisha mtu mmoja. Tamaa ya matabibu ni kupata chombo kitakachoibeba dawa ikiwa imefungwa, kiifikishe mahali penye ugonjwa, na kuifungua hapo tu.

Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walitengeneza kisanduku cha DNA chenye kifuniko. Upana wake haukufika nanomita 50. Kifuniko kilifungwa kwa nyuzi zilizofanya kazi ya kufuli, na kilifunguka kilipoletewa nyuzi nyingine zilizokuwa ufunguo wake.

Mwaka 2012 Shawn Douglas, Ido Bachelet na George Church wa Chuo Kikuu cha Harvard walikwenda mbele zaidi. Walitengeneza kibomba cha DNA chenye bawaba upande mmoja na kufuli mbili upande wa pili. Kufuli hizo zilifanywa kwa nyuzi zinazotambua protini zilizoko juu ya ngozi ya chembe fulani. Kibomba kilipokutana na chembe yenye protini zote mbili, kufuli ziliachia, kibomba kikafunguka, na vipande vya kingamwili vilivyofichwa ndani vikaifikia chembe hiyo. Kama ilikuwapo protini moja tu, kibomba kilibaki kimefungwa. Jaribio hilo lilifanywa katika vyombo vya maabara, kwa chembe za aina mbalimbali, zikiwamo za saratani ya damu.

Mwaka 2018 wataalamu wa China, wakishirikiana na Hao Yan wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, walitangaza jaribio jingine lililofanywa kwa panya. Walitengeneza kipande bapa cha DNA chenye urefu wa nanomita 90 na upana wa 60, wakabandika juu yake thrombini, yaani protini inayogandisha damu, kisha wakakikunja kama jamvi ili thrombini isitirike ndani. Kifaa hicho kilipofika katika mishipa ya damu inayolisha uvimbe wa saratani, kilikutana na protini iliyopo katika mishipa hiyo, kikafunguka. Damu ikaganda hapo, na uvimbe ukakosa chakula. Katika panya hao uvimbe ulizuiliwa kukua na maisha yao yakarefuka. Kifaa kilijaribiwa pia kwa nguruwe wadogo ili kuona kama kitagandisha damu mahali pasipotakiwa, na wataalamu hao walieleza kwamba hawakuona dalili hiyo.

Mwaka 2021 kikundi cha Hendrik Dietz huko Munich, Ujerumani, kilionyesha njia nyingine. Wao hawakutengeneza kisanduku cha kubeba dawa, bali bakuli la kumeza virusi. Ni nusu-fuu la DNA ambalo ndani yake limepangwa vitu vya kunasia kirusi. Kirusi kikinaswa humo hukosa nafasi ya kuishika chembe ya mtu.

NDUGU YAKE RNA

Mpaka hapa tumesema zaidi juu ya DNA. RNA inafanana nayo sana, ila mara nyingi hukaa uzi mmoja badala ya jozi, na kwa sababu hiyo hupenda kujikunja yenyewe. Katika mwili RNA ni tarishi: hunakili maagizo ya DNA na kuyapeleka mahali protini zinapotengenezwa. Mwaka 1998 Peixuan Guo, wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alionyesha jinsi vipande vya RNA kutoka kirusi kimoja cha bakteria vinavyoshikana na kufanya pete. Mwaka 2014 Cody Geary, Rothemund na Ebbe Andersen walionyesha kwamba uzi mmoja wa RNA unaweza kupangwa ili ujikunje kuwa kigae huku ukiwa bado unatengenezwa, bila ya kupashwa moto kwanza. Njia hiyo inaleta matumaini kwamba siku moja chembe hai zenyewe zitaweza kutumiwa kama kiwanda.

Kuna kazi moja ya RNA inayogusa Afrika ya Mashariki. Kirusi cha Zika kiligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda, kutokana na tumbili aliyewekwa humo na wataalamu waliokuwa wakichunguza homa ya manjano. Kwa miongo mingi hakikushughulisha watu wengi. Mwaka 2015 na 2016 kilienea Brazil na nchi jirani, na watoto wengi wakazaliwa wakiwa na vichwa vidogo. Mwaka 2016 kikundi cha James Collins na Keith Pardee kilitangaza kipimo cha karatasi. Katika karatasi hiyo ilikaushwa RNA iliyojikunja kama kipini cha nywele. Inapokutana na RNA ya kirusi cha Zika, kipini hufunguka, na rangi ya karatasi hubadilika kutoka manjano kuwa zambarau. Waliijaribu pia kwa damu ya tumbili aliyeambukizwa, ikafanya kazi.

Zingatia neno moja katika habari hiyo: ilikaushwa. Kitu kilichokaushwa katika karatasi hakihitaji kukaa katika jokofu. Kwa zahanati iliyo mbali na nguzo za umeme, tofauti hiyo peke yake ni kubwa.

Hapa inafaa tuondoe pia mashaka yaliyowasumbua wengi. Baadhi ya chanjo za UVIKO-19 zilizoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2020 zilikuwa na RNA, na Katalin Karikó na Drew Weissman walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2023 kwa kazi iliyoziwezesha. Lakini katika chanjo hizo RNA ni barua tu iliyotiwa ndani ya bahasha ya mafuta. Si kisanduku wala kibomba. Barua hiyo husomwa nje ya kiini cha chembe, kisha huvunjwavunjwa na mwili. Haiingii katika kiini kubadilisha urithi wa mtu. Na vijisanduku vya DNA tulivyovieleza havikuandikwa ili visomwe. Herufi zake zimewekwa kwa ajili ya kushikana.

VIZUIZI VILIVYOPO NJIANI

Sasa turudi katika swali letu la mgonjwa. Hadi leo haijaidhinishwa dawa yoyote ya hospitali iliyo katika vijisanduku vya DNA vya aina hii. Panya wamesaidiwa, binadamu bado. Sababu zipo, na ni vema tuzijue.

Ya kwanza, damu yetu ina vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kukatakata DNA iliyozagaa. Vimeng'enya hivyo ni ulinzi wetu, lakini haviwezi kutofautisha kati ya takataka na kisanduku cha dawa. Isitoshe, vijisanduku vingi huhitaji magnesiamu nyingi kuliko iliyomo katika damu ili visikunjuke. Kikundi cha Munich kilijaribu kuimarisha nusu-fuu zao kwa kuzishika kwa mwanga wa urujuanimno na kuzifunika kwa kemikali ya kuzilinda. Njia za namna hiyo zinaendelea kutafutwa.

Ya pili ni gharama na wingi. Jaribio la panya huhitaji kiasi kidogo sana cha DNA. Kumtibu binadamu huhitaji kingi zaidi, na nyuzi fupi zinazotengenezwa kwa mashine ni ghali. Mwaka 2017 kikundi hicho hicho cha Dietz kilionyesha kwamba nyuzi zote, ndefu na fupi, zinaweza kuzalishwa na virusi vya bakteria ndani ya mapipa, kama pombe inavyochachushwa kiwandani. Hiyo ni hatua ya maana, kwani dawa isiyonunulika haimponyi mtu maskini hata kama ni nzuri namna gani.

Ya tatu, mwili una walinzi wanaoishambulia DNA ya kigeni, nayo ini na figo huviondoa haraka vitu vidogo namna hii. Lazima ijulikane dawa inakaa mwilini muda gani, inakwenda wapi, na ikikosea inadhuru nini. Kufuli inayoachia mahali pasipo pake si jambo dogo kwa kifaa kilichobeba kitu cha kugandisha damu. Uchunguzi huo haufanywi kwa pupa. Mwenye haraka hapa huhatarisha maisha ya watu.

NENO KWA WENYE FAMILIA

Kwa nini basi gazeti la familia lijishughulishe na jambo ambalo bado halijafika hospitalini? Ni kwa sababu neno hufika kabla ya kitu. Neno "nano" lina mvuto, na mwenye kuuza maji ya rangi anaweza kuliandika juu ya chupa yake bila ya gharama yoyote. Mtu mwenye mgonjwa mahututi yu tayari kuuza hata cherehani ya mkewe ili apate tiba, na wapo wanaoijua hali hiyo na kuitumia.

Akikujia mtu na dawa ya namna hiyo, muulize maswali matatu. Imejaribiwa kwa nani: katika chupa ya maabara, kwa panya, au kwa watu? Nani mwingine, asiyefaidika na mauzo yake, ameichunguza? Na mamlaka ya nchi yenye kazi ya kukagua dawa imeipa kibali? Akikosa jibu la moja katika hayo, funga mkoba wako na umpeleke mgonjwa wako kwa daktari. Tiba za leo za saratani, pamoja na ukali wake wote, zimekwisha jaribiwa kwa watu, na zimewaponya wengi waliowahi kutibiwa mapema. Kuziacha kwa ajili ya ahadi ya chupa ni kukiacha chombo kilichopo bandarini kwa kungojea kile ambacho bado kinaundwa.

Kwa upande wa pili, tusiibeze kazi yenyewe eti kwa kuwa haijazaa dawa. Seeman alifanya kazi miaka 11 kabla ya kupata mchemraba mmoja asioweza kuuona, na miaka 29 kabla ya kupata fuwele aliyoiwaza. Kama wakubwa wake wangemwambia aache kwa kuwa hakuna faida ya upesi, leo pasingekuwa na bakuli la kumezea virusi wala kibomba chenye kufuli mbili.

Mzazi mwenye mtoto wa sekondari anayependa elimu ya viumbe, kemia na hesabu ajue kwamba ufundi huu umejengwa na masomo hayo hayo yaliyomo katika madaftari ya mwanawe. Programu ya kompyuta iitwayo caDNAno, inayotumiwa kuchora maumbo ya DNA, hutolewa bure tangu mwaka 2009. Mwanafunzi mwenye kompyuta anaweza kujifunza kuchora kwayo, ingawa kulitengeneza umbo lenyewe kutahitaji maabara na fedha.

Ndugu msomaji, herufi ni nne, na sheria ya kushikana kwake inaweza kuandikwa katika kiganja cha mkono. Kwa sheria hiyo ndogo watu wamejifunza kuuamrisha uzi ujikunje, ujishone, ujifunge na kujifungua. Kumfikisha uzi huo kwa mgonjwa, bila ya kumdhuru na kwa bei anayoiweza, ni kazi ambayo haikuandikwa katika herufi zozote. Hiyo bado inangoja mikono, macho na subira ya binadamu.